Vizibo

Nagonga mlango wa bati kwa filimbi, mara tatu,
nangoja.
Ndani bomba linafungwa, kicheko kinafungwa,
taulo zinatafutwa.
Hodi ina adabu yake: huingii mpaka ujibiwe.
Wiki ya kwanza hakuna aliyejibu.
Nilisimama ujiani na orodha ya kikosi,
jasho la kiganja likila wino wa namba nane.

Mimi ni Umazi, binti Tsuma, wa Magongo,
winga wa kulia miaka kumi na minne.
Mshahara wangu ulikuwa soda na nauli,
na siku nyingine soda peke yake,
kisha miguu, kutoka Tononoka hadi Makupa na ng'ambo ya daraja,
njumu zikining'inia shingoni,
soli ya kushoto imeshonwa Mwembe Tayari
kwa uzi wa mikoba.

Goti lilikatika katika mechi isiyo na maana.
Sikusikia uchungu, nilisikia mlio:
kijiti cha mshikaki, mtu akikivunja achokoe meno.
Mama akakanda kwa chumvi na maji moto,
nami kitandani nikaifanya dari uwanja.
Mijusi kafiri wawili walikuwa mabeki wa kati.
Walicheza mbali mbali mno.
Usiku kucha niliwapigia kelele kimoyomoyo:
sogeeni, sogeeni,
mtu atapita hapo.

Labda nilianza ukocha usiku ule. Vyeti vilikuja baadaye.

Shimanzi Rangers waliniita
baada ya makocha watatu kukimbia madeni.
Jukwaani, siku ya kwanza:
"Mama! Maharagwe yanaungua huko!"
Watu wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo,
maana kweli niliyaacha jikoni, moto nimeupunguza.
Lakini beki wako wa kushoto, bwana,
anaungua tangu dakika ya kumi
na wewe hunusi.

Chigamba, nahodha, miaka thelathini na mitatu,
aliniambia usoni, bila matusi:
"Kocha, wewe hujagongwa hewani na mwanamume wa kilo tisini."
Kweli, nikamwambia. Mimi nilivunjwa
na msichana wa Kwale, kilo hamsini na mbili, aliyelia kuliko mimi.
Nikapandisha suruali. Kovu hili hapa, liguse.
Hakuligusa.
Aliinama akalishika goti lake mwenyewe,
lile analolifunga bendeji mapema
kabla wenzake hawajafika.

Siku ile nilimwaga mfuko juu ya benchi:
vizibo vya soda, vyekundu na vya chungwa,
vingine vimeota kutu.
Hawa wao, hawa sisi. Hapa ndipo mnapolala.
Vijana wakainama, mabega yakagusana,
kidole cha kipa kikasukuma kizibo hatua moja nyuma:
"Hivi, kocha?"
Hivyo.
Sikuwaambia vilitoka wapi.
Kila kizibo ni dakika tisini zangu.

Jumamosi tulifungwa mbili kwa moja.
Mpira ulitoka nje karibu nami
na mguu ukaenda kabla ya akili,
ukautuliza juu ya raba, ukatulia kama paka.
Jukwaa likanyamaza kidogo.
Goti likanidai usiku.
Mwandishi akauliza, wajisikiaje, ukiwa mwanamke?
Nikamjibu: namba sita alichelewa kurudi, mara mbili.
Niulize hilo.
Hakuliandika.

Leo mlango una jiwe, umeachwa wazi nusu.
Labda ni joto la Februari tu,
hili lisilobisha hodi kwa mtu.
Nagonga hata hivyo.
"Pita, kocha. Tumeshavaa."
Kisha sauti ya Chigamba, kutoka chini, akifunga bendeji
mbele ya wote:
"Ule mfuko umeuleta?"

Nimeuleta. Kimoja kimepotea njiani.
Kipa anang'oa kifungo cha shati lake.